Kadi ya Kumbukumbu Ikigoma: Okoa Yaliyomo Kwanza

Mwongozo huu unawahusu wote ambao kadi ya kumbukumbu ni kitendea kazi chao: wapigapicha na wapiga video wa shughuli, waandishi wa habari wenye vinasa sauti, wadadisi wanaokusanya takwimu kwa tableti, madereva wenye kamera ndani ya gari, na mafundi simu wanaoletewa kadi zilizokwama. Unaeleza nini kifanyike kadi inapokataa kusomeka, na kwa mpangilio gani. Mpangilio ndio wenye uzito, kwa sababu hatua iliyo sahihi ikifanywa kabla ya wakati wake inaweza kupoteza kila kitu. Kadi mpya hupatikana dukani. Picha za nikahi ya jana hazipatikani. Kabla ya kubonyeza chochote, jiulize: ninachofanya sasa kinaokoa yaliyomo, au kinaifufua kadi tu?

1. Kinachoharibika hasa

Ndani ya kadi kuna chembe zinazobeba picha, sauti na video zenyewe, na kuna orodha inayoonyesha kila faili limewekwa wapi. Orodha hiyo ni mfano wa daftari la mtunza ghala: daftari likichanika, magunia hayajaondoka, ila hakuna anayejua lipi liko wapi. Kadi tunayosema imekorapti, mara nyingi ni orodha yake iliyovurugika. Ndiyo maana kadi inayoonekana tupu inaweza kuwa bado imejaa.

Orodha huvurugika hasa umeme unapokatika kifaa kikiwa kinaandika: betri imeisha katikati ya video, kadi imechomolewa taa ya kamera ikiwa bado inawaka, au simu imeanguka ikazimika. Kufuta mafaili na kufomati kwa haraka nako kwa kawaida hugusa orodha tu. Kinachoangamiza picha ni kuandika kitu kingine mahali pake. Hapo ni maji yaliyomwagika.

2. Hatua za papo hapo

1. Acha kupiga picha na kurekodi kwa kadi hiyo. Kila faili jipya linaweza kukaa juu ya la zamani.
2. Kataa kufomati. Simu, kamera na Windows zote hupendekeza kufomati zinaposhindwa kusoma kadi. Pendekezo hilo lina lengo la kuifanya kadi itumike tena, si kukurudishia kazi yako. Jibu ni hapana.
3. Zima kifaa kabisa, subiri taa izime, ndipo uchomoe kadi.
4. Weka kadi nyingine uendelee na kazi. Bibi harusi akiwa mlangoni mwa ukumbi, si wakati wa kuhangaika na kadi iliyogoma.
5. Ikiwa ni kadi kubwa ya SD, sukuma kishikizo cha ubavuni kwenye upande wa kufunga. MicroSD haina kishikizo. Wakati wa kuisoma kwenye kompyuta, iweke ndani ya adapta yenye kishikizo, ukiwa umeifunga.
6. Itie kwenye kikasha au bahasha. Andika tarehe, kifaa ilimotoka, na ujumbe wa kosa neno kwa neno. Fundi atakuuliza.

3. Tafuta kosa lilipo

Kadi husingiziwa mengi. Anza na vitu vyepesi: badilisha kisoma kadi, badilisha waya, jaribu tundu jingine la kompyuta. Kisha geuza kadi uangalie vidole vyake vya rangi ya dhahabu. SD ya kawaida inavyo 9, microSD inavyo 8. Vikiwa na mafuta ya mikono au ukungu, vipanguse kwa kitambaa laini kikavu. Uchafu ukigoma, pitisha kifutio cheupe cha penseli taratibu, ukielekea upande mmoja, kisha ondoa vumbi lake lote kabla ya kuchomeka. Usitumie kisu wala msasa.

Baada ya hapo, linganisha dalili na hizi:

*Kadi inasomeka kwenye kifaa kipya, lakini si kwenye cha zamani.* Kadi za SDHC huishia GB 32. Zinazozidi hapo hadi TB 2 ni SDXC. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya SDHC kinaweza kuikataa kadi ya GB 64 na kusema imeharibika ilhali ni nzima. Tumia kisoma kadi kipya.

*Kadi imetoka kwenye simu ya Android, na hakuna kifaa kingine kinachoisoma.* Tangu Android 6.0, baadhi ya simu humruhusu mtumiaji kuifanya kadi kuwa sehemu ya hifadhi ya ndani. Kadi ya namna hiyo husimbwa kwa ufunguo uliomo ndani ya simu ile ile, na kwingine huonekana kama takataka. Irudishe kwenye simu yake. Fundi asiyeuliza kadi ilitoka kwenye simu gani huifomati kadi nzima ya mteja.

*Nafasi inaonyesha imetumika, lakini mafaili hayaonekani au yamegeuka kuwa njia za mkato.* Hii ni kazi ya virusi vya kompyuta za vibandani na ofisini. Usibonyeze njia hizo za mkato. Kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi, fungua dirisha la amri la Windows uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, ukiweka herufi ya kadi yako mahali pa E. Amri hii hubadilisha sifa za mafaili, kwa hiyo kadi lazima iwe imefunguliwa. Mafaili yakijitokeza, yahamishe, kisha safisha kadi.

*Kompyuta inaiona kadi, lakini inasema haina mfumo wa mafaili au inataka kuifomati.* Orodha imevurugika. Nenda sehemu ya 4.

*Kadi haionekani popote, au inapata moto ikichomekwa.* Tatizo ni la umeme au la kidhibiti kilicho ndani ya kadi. Programu haitasaidia. Nenda sehemu ya 6.

4. Nakili, kisha rejesha

Mafaili yakionekana, yanakili yote kwenye kompyuta mara moja, ukianza na yale yasiyoweza kurudiwa. Yasipoonekana, usianze kuchimba ndani ya kadi yenyewe. Tengeneza kwanza nakala pacha, yaani faili moja kubwa linalobeba kadi nzima, chembe kwa chembe. Kwenye Windows, Win32 Disk Imager hufanya kazi hiyo. Ikiwa kadi inakwamakwama wakati wa kusomwa, tumia ddrescue kwenye Linux: huchukua kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, kisha hurudia zile ngumu. Ukiwa na nakala pacha, unaweza kujaribu programu moja baada ya nyingine bila kuichosha kadi.

Kwa urejeshaji, PhotoRec ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Haitegemei ile orodha iliyovurugika. Hupekua kadi ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Kwa sababu hiyo majina ya awali kwa kawaida hayarudi. Utakuta folda iitwayo recup_dir.1 yenye picha za majina kama f0245760.jpg. Usitishike: picha za kamera huwa zimebeba tarehe na saa ndani yake, kwa hiyo zipange kwa tarehe ya kupigwa. Recuva, ya Windows, ina madirisha rahisi zaidi na inafaa pale mafaili yalipofutwa kwa bahati mbaya.

Sheria moja haina msamaha: yanayorejeshwa yahifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi hiyo hiyo.

Video zina tabu yake. Kamera nyingi huandika maelezo ya kuifungua video mwishoni, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Betri ikiisha kabla, faili hubaki kubwa lakini halichezi. Baadhi ya kamera hutambua video iliyokatika zinapowashwa tena na hupendekeza kuitengeneza. Kadi ikiwa bado inasomeka na betri imejaa, hilo ndilo pendekezo la kulikubali, mradi umeshanakili mafaili mengine. Kamera ikishindwa, programu ya untrunc hutumia video nzima iliyopigwa kwa kamera ile ile na mipangilio ile ile kama kiolezo cha kuijenga iliyokatika.

5. Kutengeneza kadi

Hatua hii huanza yaliyomo yakiwa tayari mahali pengine, umeyafungua na kuyaona. Fungua kishikizo cha kadi. Kwenye Windows, amri `chkdsk E: /f` hurekebisha orodha, na vipande visivyo na mwenyewe huvitia kwenye folda iitwayo FOUND.000. Inaweza kukata mafaili wakati inayarekebisha, ndiyo sababu haifanywi mwanzoni.

Kisha fomati upya. Jumuiya ya SD, inayosimamia viwango vya kadi hizi, hutoa bure programu ya SD Memory Card Formatter. Baada ya hapo, fomati tena ndani ya kamera au kinasa sauti chenyewe, ili kadi ipangwe kama kifaa hicho kinavyotaka.

6. Kadi isiyorudi kazini

Ili kujua kama kadi bado inaandika, futa picha moja uliyokwisha kuinakili, chomoa kadi, ichomeke tena. Ikiwa picha imerudi ilhali kishikizo hakijafungwa, kadi imejiweka katika hali ya kusomwa tu, kwa kuwa kidhibiti chake kimegundua chembe zilizochoka. Hakuna programu ya kuirudisha. Nakili yaliyomo uiache.

Kadi bandia nazo ni nyingi sokoni. Kidhibiti chake kimechezewa kitangaze, mathalani, GB 128 wakati chembe zilizopo ni za GB 8. Hupokea mafaili yote bila kulalamika, kisha yale yaliyozidi uwezo wake hayafunguki. Kadi mpya ijaribiwe kabla ya kazi ya kwanza: H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, huijaza kadi yote kisha huyasoma yote na kusema ukweli wa ukubwa wake. Jaribio huchukua muda, liache liendelee usiku. Fanya hivyo mapema, ukiwa bado na risiti mkononi.

Kadi iliyokufa kabisa inaweza kufunguliwa na mabingwa wa urejeshaji pekee. MicroSD ni kipande kimoja kilichomiminwa. Fundi hukwangua ngozi yake hadi afikie vituo vya umeme vilivyofichwa chini. Hiyo si kazi ya kibandani, na gharama yake hukubaliwa kabla ya kuanza.

7. Kadi yenye taarifa za watu

Picha za wateja na majibu ya wahojiwa ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Unapompa fundi kadi, andikianeni: nini kirejeshwe, nani akione, na lini nakala zake zifutwe. Kadi inayotupwa ikatwe vipande, kwa kuwa kufomati kwa haraka hakufuti kilichomo.

8. Utaratibu wa kila siku

- Zima kifaa kabla ya kuchomoa kadi. Badilisha betri kabla haijafika mwisho.
- Kamera yenye matundu mawili ipangwe iandike picha zile zile kwenye kadi zote mbili.
- Shughuli kubwa igawanywe kwenye kadi mbili au tatu, zilizopewa namba.
- Kamera za gari na za ulinzi huandika mchana na usiku. Zinunulie kadi zilizotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, na uzibadilishe kwa ratiba badala ya kungoja zife.
- Kadi isifomatiwe mpaka nakala mbili ziwepo kwenye diski mbili tofauti, na mafaili machache ya mwanzo, katikati na mwisho yafunguliwe yaonekane. Kabla ya hapo, kazi haijakamilika hata kama wageni wameshaondoka.