Yesu wa Kwenye Kalenda na Swali la Kijana wa Bodaboda



Vijana wenzangu, leo nataka tujifunze kupitia picha. Lakini kabla ya picha, niwasimulie kwanza nilivyoshindwa.

Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji hapa Mara, nilipewa semina ya vijana katika kigango kimoja nje kidogo ya Bunda. Mada ilikuwa imani na akili. Nilikuwa nimetoka kumaliza falsafa, basi nilijiona nimeiva. Nikaongea saa nzima. Mwishoni kijana mmoja, dereva wa bodaboda, akanyoosha mkono.

"Frateri, mimi nina swali dogo tu. Yesu wa kwenye kalenda ya nyumbani kwetu ana nywele za dhahabu na macho ya bluu. Babu yangu kila akimwangalia anacheka, anasema huyo ni mgeni, iko siku atarudi kwao. Sasa mimi nimkatalie babu au nimkubalie?"

Watu wakacheka. Nami nikajibu haraka haraka: Yesu alikuwa Myahudi wa Nazareti, picha ni alama tu, tusichanganye alama na kile inachokionesha. Nikachomekea na Aristoteli kidogo. Jibu lilikuwa sahihi. Ila yule kijana alikaa kimya, na Jumapili tatu zilizofuata sikumwona kanisani.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya. Nimegundua swali lake halikuwa dogo, na wapo watu waliolijibu kwa mikono yao kabla mimi sijazaliwa.

1. Mchoraji kutoka Marangu

Elimo Njau alizaliwa mwaka 1932 Marangu, Kilimanjaro, katika familia ya Kilutheri. Alisoma sanaa Makerere, chuo kile kile alichosoma Mwalimu Nyerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipewa kazi ya kuchora ukutani katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, nchini Kenya. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Ebu fikiria uzito wake: damu bado mbichi, familia zimegawanyika, na wengi wanaona Ukristo ni dini ya mkoloni. Mahali pa namna hiyo ndipo kijana wa miaka ishirini na kitu anaambiwa amchore Kristo.

Alichora matukio matano: kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Na Yesu wake ni Mwafrika. Watu wanaomzunguka ni Waafrika, na ardhi anayoikanyaga ni ile ile unayoiona ukitoka nje ya mlango wa kanisa. Aliyefiwa na ndugu yake kwenye vile vilima, akiinua macho anamwona Kristo akitoa jasho la mateso kwenye vilima hivyo hivyo.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha kituo cha sanaa Nairobi, wakakiita Paa ya Paa. Jina zuri kwa Kiswahili: paa yule mnyama, naye anapaa. Huko amejulikana kwa kuwaonya wasanii wasiishi kwa kunakili kazi za wengine. Kwake kunakili si uvivu tu, ni kama kumnyamazisha Mungu aliyekuumba wewe na si mwingine. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kituo na kazi zilizokuwamo. Hakuacha.

2. Ndugu zetu wa Japani

Swali la kijana wetu limeulizwa pia mbali sana. Shusaku Endo, mwandishi Mkatoliki wa Japani, alibatizwa akiwa mtoto. Alikuja kusema imani ile ilikuwa kama suti ya Kizungu aliyovishwa na mama yake: haikumkaa vizuri, lakini hakuweza kuivua. Maisha yake yote ya uandishi alikuwa akiishona upya ile suti ili imkae Mjapani. Riwaya yake maarufu kuhusu mateso ya Wakristo wa Japani ilitoka mwaka 1966.

Baada yake kuna mchoraji Makoto Fujimura, aliyezaliwa Marekani mwaka 1960 na wazazi Wajapani. Yeye si Mkatoliki, ila ameandika kitabu kizima akitafakari kazi ya Endo. Alikwenda Tokyo kusomea nihonga, yaani uchoraji wa asili wa Kijapani, na akiwa huko huko akampokea Kristo. Mwaka 2011 ilitoka nakala ya Injili nne yenye michoro yake.

Namna nihonga inavyofanyika ni somo tosha. Rangi hazitoki kwenye kopo la dukani. Mchoraji anachukua mawe ya madini, ya bluu, ya kijani, mekundu, yanasagwa mpaka yawe unga. Nyeupe inatokana na magamba ya chaza. Unga unachanganywa na gundi ya ngozi ya wanyama, halafu unapakwa kwenye karatasi ya asili, tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiriwa likauke. Fujimura hupaka matabaka mengi sana. Chembe za madini zinashika mwanga, kwa hiyo ukipita haraka huoni kitu. Ukikaa, picha inaanza kufunguka.

Jiwe lisiposagwa halitoi rangi. Likae hapo kwanza, tutalirudia.

3. Butiama: mzee aliyetumia maneno badala ya rangi

Usidhani haya ni mambo ya Nairobi na Tokyo tu. Panda gari Musoma, ukaingie Butiama. Pale amelala Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, ambaye mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulianzia jimboni kwetu Musoma. Wengi tunamjua kama Rais wa kwanza. Wachache wanajua kwamba uzeeni alizigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda-Peramiho miaka ya 1990.

Sasa angalia alichokifanya. Utenzi, wenye beti za mistari minne na mizani minane kila mstari, ni chombo cha watu wa pwani. Kwa karne nyingi umebeba hasa mafundisho na visa vya Kiislamu. Mzanaki aliyebatizwa mwaka 1943, akiwa na miaka 21, anakichukua chombo hicho kwa heshima na kukitilia Habari Njema. Hakukivunja wala hakukionea aibu.

4. Kanisa linasema nini?

Mosi, Neno alifanyika mwili (Yn 1:14). Hakuchukua ubinadamu wa hewani. Alikuwa na mama, lugha, kijiji na lafudhi. Tukimchora kama Mwafrika hatukatai kwamba alikuwa Myahudi wa Nazareti. Tunakiri kwamba mwili alioutwaa ni ubinadamu wetu pia.

Pili, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia namba 123, unafundisha kwamba Kanisa halikuwahi kuufanya mtindo mmoja wa sanaa kuwa wake peke yake. Na Papa Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba kuwa na Ukristo wenye sura ya Kiafrika ni haki yao, tena ni wajibu. Ukienda Mwanza, pita Bujora uone kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya mtemi wa Kisukuma.

Tatu, Mtakatifu Tomaso anafundisha kwamba neema haiharibu maumbile, inayakamilisha. Hapa turudi kwenye lile jiwe. Kukamilisha si kupokea kila kitu kama kilivyo. Utamadunisho si kupaka mila rangi ya Kikristo kisha tukasema yameisha. Sisi wa Mara tunajua: kuna ukarimu wa wazee wetu, kuna ngoma, kuna heshima kwa waliotangulia, na kuna pia ukeketaji, unaowafanya mabinti wengine wakimbie nyumbani usiku na kupokelewa na masista. Lile la mwisho haliingii kwenye picha ya Kristo, hata likiitwa mila mara mia. Mila zetu nazo lazima zisagwe na Injili. Zinazobaki ndizo zitakazoshika mwanga.

Na mimi pia. Ile elimu yangu ya falsafa ilikuwa jiwe zima. Nilimrushia mtu jiwe alipoomba rangi.

5. Tulivyokutana tena

Miezi miwili baadaye nilimkuta yule kijana stendi ya Bunda, amekaa juu ya pikipiki anasubiri abiria. Nikamsalimia, nikamwomba radhi kwa jibu langu. Akasema, "Ah, Frateri, mbona yameshapita." Nikamwonesha kwenye simu picha za Murang'a. Akaikuza ile ya Gethsemane kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu mpaka abiria akaja akamwita.

Akanirudishia simu. "Nitumie hii. Nataka babu aione."

Sijui babu alisema nini. Najua kwamba Jumamosi moja kijana alikuja kwenye jumuiya, akakaa nyuma karibu na mlango. Sikumwuliza kitu. Nilifurahi tu kwamba amekaa.

Maswali ya kujiuliza wiki hii

- Ukifumba macho ukasali, unamwona Yesu wa namna gani? Je, anaweza kuingia nyumbani kwenu bila kubisha kama mgeni?
- Una kipaji gani (kuchora, kushona, kutunga nyimbo, kupiga ngoma) ambacho hujawahi kukifikiria kuwa njia ya kuhubiri? Soma Kutoka 31:1-5 uone Mungu alivyomjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi ya mikono.
- Ni kitu gani katika mila za kwenu kinahitaji kusagwa? Na katika tabia yako je?

Tusali

Bwana Yesu, ulikubali kuwa na uso ili tukuone. Tunakushukuru kwa mikono inayokuchora na midomo inayokuimba kwa lugha zetu. Saga ndani yetu kilicho kigumu, utufanye rangi mkononi mwako. Na yeyote anayekuona bado kama mgeni, umfikie leo kwa sura anayoitambua. Amina.