SOMO: URITHI WA MCHURUZI ALLIDINA VISRAM



Katika somo la historia tunajifunza juu ya wafalme, vita na mikataba. Juu ya wachuruzi tunasoma kidogo tu, na juu ya mali yao baada ya kufa hatusomi kabisa. Lakini hapa Nyamianda, na Mulongwe, na Kalundu, kila mmoja wenu anajua nyumba ambamo baba alikufa, na kabla matanga hayajaisha, ndugu wa marehemu wakaanza kuhesabu mabati, viti na mitumbwi. Mama akabaki na watoto na masanduku yake nje. Kwa hiyo somo la leo si la zamani tu. Tutafuata habari za mchuruzi mmoja wa siku za ukoloni, tuone alifanya nini kwa ajili ya jamaa yake, nini kilidumu na nini kilivunjika. Kisha tutaangalia sheria ya inchi yetu inasema nini.

1. Njia ya biashara iliyofika kwetu

Kabla ya reli na motokari, biashara ya ziwa letu ilitoka pwani kwa miguu. Misafara ilianza Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ni safari ya zaidi ya kilometa elfu moja. Toka Ujiji watu walipanda mitumbwi mpaka Uvira. Wazungu Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, walikuta wachuruzi wa pwani wanaijua njia hiyo zamani. Vitu vilivyokuja ni nguo za merikani na kaniki, ushanga, na nyaya za shaba. Vilivyokwenda pwani ni pembe za tembo, na, tuseme kweli, watu. Babu zetu wengine walipita njia ile wakiwa wamefungwa shingo, nao hawakurudi.

Wakubwa wa biashara ile ku upande wetu walikuwa Tippu Tip, aliyekufa Zanzibar mwaka 1905, na Rumaliza, aliyekaa Ujiji na kushika kaskazini ya ziwa mpaka alipofukuzwa na Wabelgiji mwaka 1894. Wawili hawa walikuwa washiriki katika biashara. Lakini siku za mwisho walishitakiana mbele ya mahakama juu ya mali. Wazee wawili waliotembea pamoja Congo nzima, wakaachana kwa sababu ya hesabu! Wekeni hili akilini, tutalirudia.

2. Mtoto wa miaka 12

Nyuma ya Waarabu hao walikuwako Wahindi, ambao walikopesha vitu na kungoja pembe zirudi. Mmoja wao ni Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo. Allidina Visram alikuwa kijana wake wa kazi.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 ku kijiji cha Kera, inchi ya Kutch, Uhindi. Alifika pwani ya Afrika mwaka 1863, mtoto wa miaka 12 tu, bila mali. Alijifunza kazi dukani: kupima nguo, kuandika deni, kufunga mizigo ya wapagazi, kumjua mtu mwaminifu na mtu wa uongo. Sewa Haji alipokufa mwaka 1897, Allidina alikuwa tayari mtu mzima mwenye maduka yake juu ya njia ya misafara.

Wakati ule Waingereza walikuwa wanajenga reli toka Mombasa. Kazi ilianza mwaka 1896, na mwaka 1901 reli ikafika ziwa Victoria. Wachuruzi wengine walingoja waone. Allidina alifuata reli: pale wafanyakazi walipopiga kambi, alifungua duka. Mwaka 1898 alikuwa ameisha kufika Kampala. Baadaye alikuwa na zaidi ya maduka mia moja katika Kenya, Uganda, Tanganyika na kuelekea upande wa Congo, tena viwanda vya kuchambua pamba, mashamba, na mashua ziwani. Pale pasipokuwa benki, barua yake iliheshimiwa kama feza. Watu walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji.

Alikufa mwaka 1916. Inasimuliwa kwamba homa iliyomwua aliipata katika safari ya biashara Congo. Alikuwa na miaka karibu 65.

3. Mali ilikwenda wapi?

Biashara yote ilishikwa na kijana wake, Abdul Rasul. Urithi ulikuwa mkubwa kweli. Lakini angalieni miaka: baba alikufa mwaka 1916, mwana alikufa mwaka 1923. Ni miaka saba tu. Na baada ya miaka michache, ile nyumba kubwa ya biashara haikuwako tena.

Kwa nini? Wengine wanasema upesi: mtoto wa tajiri hajui kazi. Jibu hilo ni jepesi mno. Fikirini haya:

a) Abdul Rasul alipokea biashara katikati ya vita kuu ya 1914–1918. Baada ya vita, bei ya pamba ilianguka, na miaka ya 1920 na 1921 serikali ya Waingereza ilibadili feza, toka rupia mpaka shilingi. Mwenye deni na mwenye kudai wote waliumia.

b) Biashara ya Allidina ilisimama juu ya mkopo. Yeye alikopesha wenye maduka madogo, nao walikopesha watu wa vijiji. Mkopo wa namna hii unashikwa na uso wa mtu mmoja. Watu walimlipa Allidina kwa sababu walimjua Allidina. Siku alipokufa, madeni yalibaki katika vitabu, lakini ule uso haukuwako. Nyumba na shamba mwana anaweza kuzirithi, lakini imani ya watu lazima aitafute mwenyewe.

c) Wengi waliokuwa makarani wake walikuwa wameisha kujifunza kazi, wakafungua maduka yao wenyewe. Kwa jamaa ya Allidina ni hasara. Kwa inchi ni faida: maarifa yake yaligawanyika kwa watu wengi.

Na kuna kitu kimoja ambacho hakikuvunjika. Abdul Rasul alijenga shule kubwa Mombasa kwa ukumbusho wa baba yake, akaipa serikali. Ilifunguliwa mwaka 1923, mwaka ule ule aliokufa. Inaitwa Allidina Visram High School, na mpaka leo wanafunzi wanaingia mule kila asubuhi. Maduka yamekwisha, shule iko. Ni sawa na Sewa Haji: biashara yake haijulikani tena, lakini hospitali aliyoisaidia Dar es Salaam ilibeba jina lake miaka mingi, na hospitali ya Muhimbili ya leo imetoka katika mzizi ule.

4. Na mabinti je?

Hapa tuingie ndani kidogo, maana ni jambo la shida mpaka leo.

Allidina alikuwa wa kabila la Wakhoja, Waislamu Waismaili. Sheria ya Kiislamu inajulikana: kwanza madeni ya marehemu yalipwe, wasia usipite theluthi moja ya mali, mjane mwenye watoto anapata sehemu moja ya nane, mtoto mwanaume anapata mara mbili ya dada yake. Binti anapata kidogo, lakini anapata.

Lakini Wakhoja wa Uhindi walifuata desturi ya mababu: binti hapati urithi, anatunzwa tu mpaka anaolewa. Mwaka 1847 jambo hili lilifika mbele ya mahakama ya Waingereza ku Bombay. Mabinti walidai sehemu ambayo Kurani inawapa. Walishindwa. Mwamuzi, Bwana Perry, alisema desturi ya kabila ina nguvu kupita. Ona ajabu: mabinti walikuwa na Kitabu mkononi, desturi ikawashinda.

Sisi Wakristo tusicheke. Someni Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi, Mahla, Noa, Hogla, Milka na Tirza, walisimama mbele ya Musa na wakubwa wote, wakadai sehemu ya baba yao aliyekufa bila mtoto mwanaume. Musa hakujibu kwa akili yake. Alipeleka neno kwa Mungu, na Mungu akasema wana haki. Tuko na Kitabu hiki katika kila nyumba. Lakini ku kilio, mara nyingi desturi inasema kwanza, Kitabu kinasema nyuma.

5. Sheria ya inchi yetu

Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inapanga warithi hivi:

– Kundi la kwanza: watoto wote wa marehemu, wanaume na wanawake sawa sawa, waliozaliwa katika ndoa, na wa nje ambao baba aliwakubali kisheria akiwa hai, na wale aliowalea kisheria kuwa watoto wake. Hao wanapata robo tatu ya mali.

– Kundi la pili: mjane, baba na mama wa marehemu, na ndugu zake wa tumbo. Hao wanagawana robo inayobaki.

Tufanye hesabu. Marehemu ameacha dola 12,000 baada ya madeni kulipwa, na baada ya mjane kutolewa sehemu yake mwenyewe katika mali waliyoichuma pamoja. Iko mjane, wavulana wawili, wasichana wawili, na ndugu za marehemu. Wazazi wake walikufa zamani.

Kwa sheria ya Congo: robo tatu ni 9,000, kila mtoto anapata 2,250. Robo inayobaki ni 3,000: mjane 1,500, ndugu wote pamoja 1,500.

Kwa sheria ya Kiislamu: mjane 1,500, inabaki 10,500. Kila msichana 1,750, kila mvulana 3,500. Ndugu za marehemu hawapati kitu.

Kwa desturi ya Wakhoja ya 1847: wasichana hawapati sehemu.

Kwa desturi tunayoiona hapa kwetu mara nyingine: baba mdogo anachukua yote, halafu tunaambiwa ni kwa kulinda watoto. Hapo njo shida inaanza. Sheria tatu za kwanza hazifanani, lakini hakuna hata moja inayompa baba mdogo yote.

Tena sheria yetu inampa mjane haki ya kutumia nyumba aliyokaa na bwana yake, pamoja na vyombo vya ndani. Kumfukuza mjane nyumbani ni kuvunja sheria, hata kama anayefanya hivyo ni mkubwa wa jamaa.

6. Kumwachia mtu vizuri ni nini?

Toka habari za Allidina na wenzake tunaweza kutoa mafundisho manne:

Moja, hesabu ziandikwe. Tippu Tip na Rumaliza walikuwa na akili nyingi, lakini hesabu yao iliwapeleka mahakamani. Baba mwenye kiwanja awe na karatasi za kiwanja. Mama mwenye meza sokoni aandike nani ana deni lake.

Pili, wasia uandikwe mtu akiwa mzima. Sheria yetu inakubali wasia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na sahihi. Hauhitaji feza nyingi. Wasia hauwezi kuwanyang'anya watoto robo tatu yao, lakini unaweza kuzuia ugomvi mwingi. Kuandika wasia si kuita kifo. Allidina hakuandika safari ya homa katika kitabu chake, ilikuja tu.

Tatu, ndoa na watoto waandikishwe ku serikali. Mjane asiye na karatasi ya ndoa, na mtoto asiyejulikana kwa sheria, wanakuta mlango umefungwa.

Nne, maarifa ni urithi usiochukuliwa ku kilio. Baba mdogo anaweza kubeba kitanda na redio, lakini hesabu uliyojifunza kalasi ya tatu hawezi kuifunga katika gunia. Mzazi anayelipa masomo ya msichana wake amekwisha kumgawia sehemu yake akiwa hai.

Mwisho, someni Luka 12. Mtu mmoja alimwomba Yesu awe mgawanyi kati yake na ndugu yake. Yesu alikataa kazi ile, akaonya juu ya tamaa, akasimulia tajiri aliyejenga ghala kubwa na kufa usiku ule. Sheria inaweza kugawa mali, lakini tamaa haiwezi kuiondoa moyoni. Kazi hiyo inafanyika mapema, kati ya ndugu ambao wako hai bado na wanakula sahani moja.

MAULIZO

1. Kwa nini Allidina Visram alifuata reli, na faida yake ilikuwa nini?
2. Eleza sababu tatu za biashara yake kuanguka baada ya 1916. Ipi ina nguvu kupita nyingine? Toa jibu lako mwenyewe.
3. Marehemu ameacha dola 4,800, mjane, na watoto watatu. Wazazi na ndugu hawako. Kwa sheria ya Congo, kila mmoja anapata ngapi?
4. Linganisha mabinti wa Bombay, 1847, na mabinti wa Selofehadi. Nani aliwasikiliza, nani hakuwasikiliza, na kwa nini?
5. Uliza nyumbani, kwa heshima: je, karatasi za kiwanja chetu ziko wapi, na jina la nani limeandikwa? Jibu la ulizo hili usilete shuleni. Ni la jamaa yenu.