Somo la Leo: Mhina

Mama mmoja alikuja darasani kwetu mikono ameifunika kwa khanga. Alipoifunua tukaona malengelenge yamefuata maua yale yale aliyochorwa kwa ajili ya harusi. "Hina imeniunguza," akasema. Tukamtazama rangi, nyeusi tititi. Tukamwambia, "Hapana mama, hiyo siyo hina." Basi leo tujifunze mti wenyewe.

Hina ni majani. Mti wake unaitwa mhina, kichaka chenye matawi mengi kinachoweza kufika mita 2 hadi 6. Majani yake ni madogo, yanaota mawili mawili yakitazamana. Maua ni meupe au mekundu hafifu, nayo yananukia vizuri. Pengine utaisikia harufu kabla hujauona mti. Mti mchanga hauna miiba, lakini ukizeeka ncha za vijitawi huwa kali. Kwa hiyo wengine huupanda uwe wigo.

Mhina hauogopi jua. Mahindi yakinyauka, wenyewe bado una majani mabichi, ingawa kiangazi kikizidi mno huweza kupukutisha. Usichopenda ni maji yaliyotuama.

Kupanda ni rahisi kwa vipandikizi. Mvua zikianza, kata tawi lililokomaa, urefu wa shubiri moja. Chomeka nusu yake ardhini, ncha ya juu ibaki juu. Kwa wigo, acha sentimita 30 baina ya mche na mche. Mwagilia mpaka vichipue. Mbegu nazo huota, lakini lazima uziloweke siku kadhaa na kubadili maji kila siku. Mwenye haraka asihangaike nazo. Mwaka wa kwanza usichume, uache mti ushike mizizi.

Majani yakaushe kivulini, maana jua huharibu rangi. Yatwange, chekecha, kisha kanda kwa maji na ndimu. Ukipaka na kubandua, rangi huwa ya machungwa. Baada ya siku moja au mbili hugeuka nyekundu iliyokolea.

Hapa tusikilizane vizuri. Majani ya mhina peke yake hayatoi weusi wa makaa. Ile nyeusi, wengine wanaiita piko, siku hizi mara nyingi ina dawa ya kutia nywele weusi. Hiyo ndiyo inayochoma. Tena aliyeungua mara moja, siku nyingine hata kidogo tu huweza kumdhuru zaidi. Aoshe kwa maji mengi, aende zahanati.

Na hata hina safi tusiwapake watoto wachanga. Wako wanaozaliwa na upungufu katika damu, na hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yao. Kwa neno hili tunajua bibi zetu watatununia.

Maswali
1. Hina ya kweli ina rangi gani baada ya siku mbili?
2. Kwa nini majani hayaanikwi juani?
3. Kijijini kwenu, nani ana mhina wa kukatia vipandikizi?