Dondoo muhimu: Mwalo nao ni darasa

Elimu ya msingi ni lazima kisheria, kwa hiyo shule iendelee. Dondoo hizi ni za jioni na likizo.

• Fuata swali la mtoto. Akiuliza kwa nini dagaa huadimika siku za mbalamwezi, usikimbilie kujibu. Mpe daftari: usiku achore mwezi, asubuhi aandike bei ya fungu sokoni. Mwezi ukizunguka ataona mwenyewe kwamba wavuvi huvuta dagaa kwa taa, na mbele ya mwezi mpevu taa hazifui dafu. Hapo amepata sayansi, hesabu na biashara kwa mkupuo.

• Kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, dagaa wakianikwa, apime wabichi, kisha haohao wakikauka. Kwanza amsaidie mama anayeanika kugeuza, ndipo aulize maswali.

• Ujiji, mpeleke makumbusho ya Livingstone, alipokutana na Stanley mwaka 1871. Akivutiwa zaidi na miembe kuliko maelezo, basi somo la siku hiyo ni miembe.

• Kina cha Ziwa Tanganyika hufika mita 1,470 hivi. Asiingie majini bila mtu mzima. Hilo halina mjadala.