JIFUNZE MIMEA: Okidi ya Madoa Si Mnyonyaji wa Mti

Ndugu mkulima wa skimu, mwezi huu hatusemi habari za mpunga wala za muhogo. Twataka ujifunze mmea mmoja wa porini ambao pengine umeupita mara nyingi bila kuuona, kwa sababu haukai chini. Hukaa juu ya mti. Basi, wewe uliye Golbanti au ng'ambo ya Garsen, kabla hujapeleka shoka kwenye mkoma au mwembe mkuukuu uliomo katika ploti yako, simama kwanza ulitazame shina lake na panda za matawi yake. Ukiona kichaka cha vijiti vya rangi ya manjano, vyenye pingili mfano wa miwa myembamba, na chini yake rundo la mizizi myeupe iliyosimama kama miiba ya nungunungu, hiyo ndiyo okidi ya madoa.

Wazungu huiita okidi ya chui, kwa kuwa ua lake ni la manjano na lina madoa ya hudhurungi. Madoa hayo hayalingani: mmea mmoja una madoa makubwa hata manjano karibu yafichike, na mwingine una machache tu. Jina la kitaalamu ni Ansellia africana. Laitwa hivyo kwa sababu ya John Ansell, mkusanyaji mimea aliyefuatana na msafara wa mto Niger wa mwaka 1841. Aliiona katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo chaitwa Bioko, ikiwa imeshika shina la mchikichi. Mwaka 1844 mtaalamu John Lindley wa Uingereza akaiandika kitabuni. Baadaye wataalamu waliigawa katika majina mengi, wakaona ya Afrika Mashariki ni nyingine. Siku hizi karibu wote wasema ni moja tu, kutoka Afrika Magharibi mpaka Afrika Kusini.

Sasa tuje kwenye jambo linalokuhusu zaidi. Wako wakulima wanaoikwangua okidi hii kwa panga wakidhani yanyonya mwembe wao. Kosa hili laeleweka, maana uko mmea unaonyonya miembe na mikorosho kweli. Huo wa kunyonya una majani mazito, na tunda lake lina utomvu unaonata. Ndege hula tunda, kisha husugua mdomo wake juu ya tawi, na mbegu ikabaki imeganda hapo. Ikiota, hutoboa gome na kuingiza mzizi ndani ya mti wenyewe, ikanywa maji ya mti. Tawi huvimba pale ulipoingia, na ncha ya tawi hukauka. Mmea huo ukate pamoja na tawi, chini ya uvimbe, wala usiuonee huruma. Ni jamaa mmoja kwa tabia na kiduha kinyonyacho mahindi, ila kiduha hufanya wizi wake chini ya ardhi.

Okidi haifanyi hivyo. Wataka kuhakikisha? Chukua kisu kidogo, uinue mzizi mmoja ulioshika gome. Utabanduka, na gome chini yake ni zima. Hakuna tundu, hakuna uvimbe. Okidi yataka mahali pa kukaa tu, palipo na hewa na mwanga, kama mtu aliyepanga chumba na kujipikia chakula chake mwenyewe.

Na chakula hicho chatoka wapi, ikiwa haina udongo? Hapa ndipo mmea huu unapostahili kusifiwa. Ina mizizi ya namna mbili. Ya kwanza ni minene, kazi yake kushika mti. Ya pili ni ile myembamba iliyochongoka na kuelekea juu. Mizizi hii hufanya kama tenga: majani makavu na vumbi la upepo huanguka ndani yake, yakaoza, na mbolea ikapatikana papo hapo. Ni shimo la mboji lililotundikwa hewani. Tena mzizi umevikwa ngozi nyeupe laini kama sifongo, ambayo hufyonza mvua na umande mara moja kabla havijakauka. Maji hayo na chakula huwekwa akiba ndani ya vile vijiti, ambavyo huweza kufika urefu wa futi mbili. Kwa hiyo wakati wa kaskazi, nyasi zinapokuwa kahawia, okidi haifi. Hata kijiti kikuukuu kisicho na jani ni ghala. Usikikate kwa kudhani kimekufa.

Mmea huu ni wa miaka mingi. Kila mwaka hutoa vijiti vipya pembeni mwa vile vya zamani, na shada la maua hutokea kwenye ncha ya kijiti. Rundo kubwa la mizizi, basi, si kazi ya masika moja.

Lakini kuzaliwa kwake ni kwa shida. Tunda moja lina mbegu maelfu, ndogo kama vumbi la unga, na upepo huzichukua. Punje ya hindi ina chakula cha kulisha mche mpaka utakapotoa mizizi. Mbegu ya okidi haina kitu. Hapana budi iangukie penye aina fulani ya kuvu inayoishi katika gome, na kuvu hiyo ndiyo inayoilisha ile mbegu mpaka ipate jani la kujitegemea. Nyingi sana hupotea. Ile inayopona huchukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza.

Ukifahamu hayo, utaona kwa nini kung'oa ni haraka na kurudisha ni polepole. Mwaka 2013 okidi hii iliandikwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN kuwa ni miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Sababu ni mbili, nazo hufuatana. Miti hukatwa kwa mashamba na makaa. Kisha okidi zilizokuwa juu yake huokotwa na kuuzwa kando ya barabara kwa wapenda maua. Mnunuzi akija kwako akitaka magunia ya okidi, jua kwamba okidi zote za dunia zimo katika mapatano ya CITES yaliyoanza kutumika mwaka 1975, na Kenya ilijiunga mwaka 1978. Kuzipeleka nchi za nje bila kibali ni kosa. Mwambie akuonyeshe kibali cha KWS. Asipokuwa nacho, mashaka yatakupata wewe uliyeng'oa, na yeye atakuwa amekwisha ondoka na lori lake.

Hatusemi usikate mti kabisa. Shamba ni lako na watoto wahitaji kula. Twasema hivi: mti wenye okidi ukiwa mpakani au kando ya mto, uache, huko hauzuii jembe, na mizizi ya mti huo yashika ukingo maji ya Tana yanapojaa, kama yalivyojaa mwishoni mwa 2023 na tena 2024. Na ikiwa hapana budi mti uanguke, iokoe okidi siku ile ile.

Banda gome pamoja na mizizi, usiivute. Ikiwa rundo ni kubwa mno, ligawe, kila fungu liwe na vijiti vinne au zaidi. Tafuta mti mwingine wenye gome la kukwaruza, mwembe wafaa sana, uifunge kwenye panda penye kivuli chepesi, kwa kamba ya makumbi. Usitumie waya, utakata mizizi. Usiizike katika udongo wala kuisiliba kinyesi cha ng'ombe, itaoza. Wakati mwema ni kabla tu ya mvua za masika, ili mizizi mipya ipate maji mara itokapo. Kufikia wakati kamba imeoza na kuanguka yenyewe, mizizi mipya itakuwa imekwisha lishika gome.