Msuguano na Ulikaji katika Hadubini

Istilahi hizi mbili hazina budi kutofautishwa. Msuguano ni ukinzani baina ya nyuso mbili zinazoteleza. Ulikaji ni upotevu wa metali unaotokana nao. Wakati wa kiangazi, vumbi la Kitengela na Kajiado hupenya katika reli za hadubini za shule. Kwatzi, madini yapatikanayo mchangani, ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ilhali shaba ya manjano ina takriban 3 tu. Hivyo basi, grisi iliyonasa vumbi hugeuka tupa. Jukwaa hulegea na kushuka lenyewe, na taswira hufifia kabla mwanafunzi hajaichora. Kupaka grisi mpya juu ya kuukuu ni kuzidisha ulikaji. Sharti ile ya zamani ipanguswe kwanza.