Kompyuta Mpakato Inapoganda: Maelezo kwa Wakazi wa Temeke, Kinondoni na Viunga Vyake



Mafuta ya nazi huganda wakati wa kipupwe na huyeyuka jua liwakapo. Lakini kompyuta, kinyume cha ada hiyo, aghalabu huganda kwa joto. Neno lenyewe huwapotosha wengi, kwani mtu aonapo kishale kimesimama katikati ya kioo na vibonye haviitiki, hudhani kuwa mashine imeingiwa na virusi ama umri wake umekwisha, akaanza kutafuta fedha za kununua nyingine, ilhali yamkini ilikuwa ikikosa hewa tu. Makusudio ya kijitabu hiki ni kueleza yale ambayo kila mwenye kompyuta aweza kuyatazama kwa macho yake nyumbani, kabla hajaibeba kuipeleka Kariakoo.

Pambanua kwanza

Ikiganda, usibonyeze kila kibonye kwa ghadhabu, maana amri zote hizo hupangwa foleni na kuizidishia mashine mzigo. Subiri dakika mbili tatu. Kisha bonyeza Caps Lock utazame kitaa chake, ikiwa mashine yako inacho: kikiwaka na kuzimika, basi mashine ingali hai, na iliyozirai ni programu mojawapo, nawe ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja utafunguliwa orodha ya programu zinazofanya kazi, uifunge ile isiyojibu. Kitaa kisipoitika, hapana budi kushikilia kibonye cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi mpaka izimike, na kazi ambayo hukuihifadhi uihesabu kuwa imepotea.

Joto na vumbi

Mji wetu ni wa joto. Kati ya Desemba na Machi jotoridi la mchana hupita nyuzi 30, na ndani ya chumba cha bati kisicho na dari hali huwa nzito zaidi. Kompyuta nyingi zina feni ndogo ivutayo hewa kutoka chini na kuitoa moto kwa matundu ya ubavuni. Matundu hayo yakizibwa, prosesa hujipunguzia kasi kwa makusudi ili isiungue, na ndipo uonapo kazi inakokota, kisha inasimama, na mwishowe mashine inajizima yenyewe.

Jina la mpakato nalo lina sehemu yake katika taabu hii. Limetokana na kupakata, kama mama apakatavyo mwanawe, na kwa hakika ni jina la upole kuliko ngamizi, jina jingine la kompyuta, ambalo mwandishi huyu hajapata kulisikia bila kukumbuka maangamizi. Illa watu wamelifuata neno kwa neno, wakaipakata mashine juu ya kanga, ama wakailaza juu ya godoro, wasitambue kwamba wameiziba pua.

Katika duka moja la stesheneri huko Mbagala, kando ya barabara ipitayo daladala na malori mchana kutwa, mwenye duka alilalamika kwamba kompyuta yake huganda kila ifikapo saa 8 mchana, hususa siku ambazo vijana hufurika kujaza maombi ya mikopo ya chuo. Kifuniko cha chini kilipofunguliwa, mapezi ya shaba yaliyo mbele ya feni hayakuonekana kabisa: yalifunikwa na vumbi lililoshikamana kama sufi ya mto, ndani yake mna nyuzi za kitambaa cha meza na mguu wa mende. Vumbi lilibanduliwa kwa brashi kavu, prosesa ikapakwa upya ule ute mzito wa kupitishia joto, na mashine ikashinda kutwa bila kusita.

Basi weka kompyuta juu ya meza ngumu isiyo na kitambaa, na ukitaka hewa zaidi, tia vizibo viwili vya chupa chini ya kona zake za nyuma. Wako wanaoitia ndani ya friji ili ipoe. Hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa ikitolewa hutokwa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo hukaa juu ya saketi.

Kumbukumbu na diski

Ikiwa mwili wa mashine ni baridi nayo ingali ikiganda, shaka huhamia kwenye ramu. Hii ni mfano wa meza ya fundi cherehani: vitambaa huvitandaza juu yake, na meza ikijaa hulazimika kwenda na kurudi kabatini. Windows 11 huhitaji ramu isiyopungua gigabaiti 4, na kompyuta nyingi za mtumba hazina zaidi ya hiyo. Ukifungua kurasa ishirini za intaneti, kazi yote huangukia kabatini, yaani kwenye diski, na ile ya zamani izungukayo mara 5,400 kwa dakika ni nzito. Kwa mwenye fedha ya kubadili kitu kimoja tu, rai yetu ni SSD, yaani diski isiyozunguka. Wenye programu mbili za kuzuia virusi waondoe moja, kwani hugombana.

Diski ikitoa mlio wa kugonga, acha yote uhamishe nyaraka zako siku hiyo hiyo. Kadhalika betri iliyokufa isipuuzwe: umeme ukikatika, au LUKU ikiisha usiku, diski hukatizwa katikati ya kuandika, na mafaili huharibika.

Kwa fundi

Picha na barua zako ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua taarifa za mtu kuwa ni kitu cha kulindwa. Hata hivyo zihamishe kwanza, na ikiwezekana kaa pale mashine ifunguliwapo. Usimwambie fundi kwamba inasumbua tu. Mpe karatasi uliyoandika saa ilipoganda, programu zilizokuwa wazi, na ilikuwa imewekwa juu ya nini.